Baba ana moyo uliotanuka, tumwache aende shambani?

Wapendwa wasomaji, meseji za mwezi huu karibu zote zimekuwa za moyo, na zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: mgonjwa wa moyo alale au atembee? Mi ni muuguzi, nimefanya kliniki ya moyo hapa Moshi miaka mingi na hili swali naulizwa mlangoni kabla hata mtu hajakaa. Nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu naona nyumba nyingi za huku zina mzee wa hivyo.

Swali: Shikamoo mama. Mi binti wa kwanza kwetu naishi Arusha, baba ana miaka 66 yuko Kibosho. Mwaka jana alilazwa amevimba miguu, hawezi kulala chali, wakampima eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wakasema moyo umetanuka na unasukuma damu kwa asilimia 32. Sasa ametulia, uvimbe umeisha, dawa anakunywa. Sisi watoto tumemkataza kazi yoyote, anakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni, ila kila nikienda namkuta amechoka kuliko nilivyomwacha, akitoka chooni tu anahema. Yeye anagombana na mama kila siku anataka kuingia kihambani, yaani shamba la nyumbani, kuangalia migomba yake. Kaka yangu anasema tukimruhusu tutamuua. Desemba wote tunakuja nyumbani na najua utakuwa ugomvi, naomba unisaidie kabla.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole, maana naona mnamlinda kwa mapenzi kabisa.

Kwanza hiyo 32 isiwatishe kuliko inavyostahili. Watu wengi wakisikia asilimia 32 wanadhani moyo umebaki theluthi moja na theluthi mbili zimekufa. Sivyo. Moyo wa mtu mzima kabisa mwenye afya hausukumi asilimia 100, unasukuma kama 55 mpaka 70 ya damu iliyojaa kwenye chumba chake kila unapodunda, nyingine inabaki humo humo. Kwahiyo 32 ni chini, ndio, ni ugonjwa wa kweli na dawa zake ni za kunywa kila siku, ila sio kwamba baba yenu anaishi na kipande cha moyo. Na kingine, hiyo namba haisemi mtu atatembea umbali gani. Nimeona mwenye 25 anatembea hadi sokoni na kurudi, na mwenye 45 hafiki getini.

Sasa kwanini baba anazidi kuchoka wakati uvimbe umeisha na dawa anakunywa? Inawezekana kabisa ni kile kiti. Misuli ya mapaja ikikaa bila kazi inakonda upesi sana, na kwenye ugonjwa huu misuli yenyewe nayo inabadilika, inashindwa kutumia vizuri ile hewa inayoletwa na damu, kwahiyo kazi ndogo kama kwenda chooni inageuka kazi kubwa, moyo unaombwa damu nyingi zaidi kwa hatua zilezile. Yaani mguu dhaifu unautesa moyo. Kutembea hakuushoni moyo, ila kunairudishia miguu akili yake, na mguu ukiwa na nguvu moyo unapata nafuu.

Mi mwenyewe nimefundishwa kumlaza mgonjwa. Zamani ndio ilikuwa hivyo dunia nzima, mtu mwenye moyo dhaifu anaambiwa pumzika kitandani, na mi nilimlaza mama yangu mzazi miezi kadhaa, nikamletea kila kitu kitandani, mpaka siku niliyomwambia asimame tukaone mvua akashindwa kusimama bila kushika meza, na moyo wake wala haukuwa umezidi kuharibika. Hilo halinitoki. Baadae ndio mambo yakapimwa vizuri. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, Canada na Ufaransa, wagonjwa 2,331, wote mioyo yao inasukuma asilimia 35 kushuka chini, yaani watu kama baba yenu. Nusu walipewa mazoezi ya mpangilio, nusu hapana. Mazoezi hayakuongeza vifo wala kulazwa, na waliofanya walijisikia vizuri zaidi kwenye maisha yao ya kila siku. Kaka yako msomee hapo.

Ila na kaka naye ana hoja, kwasababu kihamba cha Kibosho sio uwanja wa mpira. Ni mteremko, kuna kukata majani ya ng'ombe, kuna mkungu wa ndizi, na namjua mzee wa Kichaga akiingia kihambani haangalii tu, lazima mkono uguse panga. Kwahiyo msimwachie kihamba chote siku moja, na msimnyime chote.

Kabla ya kuanza mrudisheni kliniki mwambie daktari kwamba mnataka aanze mazoezi. Watamwangalia presha, mapigo, uzito, maji kwenye mapafu, na damu, maana upungufu wa damu na wa madini ya chuma unachosha sana na mara nyingi haupimwi mpaka uulizwe. Sehemu nyingine wanamtembeza mgonjwa dakika 6 kwenye korido wanapima ameenda mita ngapi, ni kipimo rahisi tu hakina sindano, mkipata bahati hiyo andikeni ile namba muifananishe baada ya miezi mitatu.

Akiruhusiwa aanze na dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni, sehemu tambarare, kwenu nadhani uwanja wa shule ndio mahali. Akizoea siku tatu nne bila shida ongezeni dakika moja au mbili, taratibu hivyo hivyo, lengo ni afike nusu saa siku nyingi za wiki hata kama ni vipande vya dakika kumi kumi. Inaweza kuchukua miezi na wala sio mashindano. Dakika chache za mwanzo atembee polepole sana mwili uchangamke, na za mwisho vilevile, asisimame ghafla akakaa, maana na hizo dawa za presha damu inaweza kushuka miguuni akaona kizunguzungu. Mwezi wa 6 na wa 7 asitoke alfajiri, ile baridi ya huko juu inabana mishipa na kuutwisha moyo mzigo, asubiri jua litoke kwenye saa 3 au 4. Asitoke akiwa ametoka kula, apumzike kama saa moja na nusu kwanza. Na akianza kupanda vilima baadae aanze na kupanda wakati ana nguvu ili kurudi iwe mteremko, asianze kushuka kwa furaha mpaka mtoni halafu nyumbani iwe juu.

Atajuaje anazidisha? Huku kwetu kipimo tunacho tayari, ni salamu. Njiani Kibosho hupiti mtu bila kusalimiana, na salamu zetu ni ndefu, habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Akiweza kusalimia mpaka mwisho huku anatembea, mwendo ni sawa. Akikatika katikati avute pumzi ndio amalizie, apunguze. Akiweza kuimba pambio zima bila kuhema basi anaweza kuongeza kidogo. Na akimaliza, ndani ya dakika kumi hivi pumzi iwe imerudi. Kama jioni yake au kesho yake amelala hoi, basi jana alizidisha, kesho apunguze, asiache.

Kuhusu zile nguvu za siku nzima nawaelezaga wazee kwa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Mnajua maji ya mfongo yana zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, na mtu akifungulia yote kwenye shamba la juu la chini halipati kitu. Nguvu za baba nazo zina zamu. Siku ya kwenda kanisani na ibada ndefu, hiyo ndio zamu yake, asiongeze na mazoezi. Siku ya kliniki hivyo hivyo. Siku ya kuoga na kunyoa asipange na kutembelea msiba. Wagonjwa wengi wanakosea siku wanayojisikia vizuri, wanafungulia maji yote, wanafanya kazi za wiki, halafu siku tatu kitandani, na familia inasema unaona, tulikwambia. Kumbe tatizo ni kufanya vyote siku moja.

Kwahiyo kihambani aende. Mpeleke kiti au kigoda akiweke katikati, aelekeze vijana, apunguze majani makavu kwa kisu kidogo akiwa amekaa, atembee mwendo wake mgomba hadi mgomba. Mkungu asinyanyue. Ndoo asibebe. Jembe gumu hapana, kwasababu ukiinua kitu kizito unabana pumzi na presha inaruka juu ghafla. Magoti yakimuuma msimpe diklofenaki wala ibuprofeni za dukani, hizo zinazuia maji mwilini na zinaumiza figo, nimeona wazee wamelazwa tena kwasababu ya dawa ya magoti tu, aombe daktari ampe inayomfaa.

Na hapa nisikilizeni wote mtakaokuwa nyumbani Desemba. Kila asubuhi akishakojoa na kabla ya chai apande mzani, aandike. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3 hiyo ni maji, sio unene wa sikukuu, siku hiyo hakuna mazoezi, mnapiga simu kliniki au mnaenda. Hakuna mazoezi pia kama ana homa, kama ameanza kuhema akiwa amekaa, kama usiku ameamka anatafuta hewa au ameongeza mito ya kulalia, kama miguu imevimba upya. Na akiwa njiani akisikia maumivu ya kifua, moyo kukimbia ovyo, kizunguzungu kama anataka kuanguka, anasimama hapohapo anakaa, na maumivu ya kifua au kuzimia ni hospitali moja kwa moja, sio kusubiri kupambazuke. Asitembee peke yake wiki za mwanzo, mjukuu aende nae na simu yenye chaji.

Chumvi pia, maana sikukuu ndio hizo. Watu wanapunguza chumvi ya kopo halafu makande na kiburu cha ndizi na maharage vimewekwa magadi. Magadi ni sodiamu ileile, yanavuta maji mwilini kama chumvi, mama apike chake bila magadi. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kidogo cha chai, na hiyo ni pamoja na ya kwenye nyama choma na supu. Zile chumvi zinazouzwa kama mbadala msinunue bila kuuliza, nyingi ni potasiamu na baadhi ya dawa za moyo zenyewe zinapandisha potasiamu. Mbege nayo ni pombe mwanangu, hata kama ni ya kienyeji na ina mashudu ya ulezi. Muulizeni daktari, na asipewe kata nzima kwa heshima ya uzee.

Swali: Mama pole na kazi, mi nauza ndizi Kiboriloni, nina miaka 51, presha imenila moyo, natumia Lasix, ile dawa ya kukojoa maji, na nyingine tatu. Uchovu nilionao siwezi kuueleza, naamka nimechoka. Watu wanasema mvivu. Na siku za soko sinywi Lasix kwasababu choo ni mbali na nikiacha mzigo wananiibia. Sasa nifanye mazoezi ya nini wakati hata kusimama siwezi?

Jibu: Dada yangu, wewe sio mvivu. Nimesoma barua yako mara mbili nikasikia uchungu. Uchovu wa huu ugonjwa sio usingizi wa kawaida, damu inayofika kwenye misuli ni ndogo na mwili unazipa kwanza ogani za maana, miguu na mikono inasubiri. Mwambie anayekuita mvivu abebe ndoo ya maji toka asubuhi hadi jioni ndio azungumze na wewe.

Ila huenda jibu la kwanza liko kwenye hiyo Lasix. Soko la Kiboriloni lina siku zake kila wiki, na ukiruka kila siku ya soko ina maana kila wiki kuna siku maji yanabaki mwilini, mapafu yanajaa kidogo, unalala vibaya, unaamka umechoka. Sio lazima uinywe saa 1 asubuhi. Nenda kliniki uwaambie ukweli kama ulivyoniambia mimi, mara nyingi wanakubali siku za soko uinywe ukirudi, saa 8 au 9 mchana, mradi isiwe usiku ukashinda unaamka. Usione aibu, tatizo la choo sokoni tunalisikia kila wiki na ni la kweli.

Jingine, kama kati ya hizo tatu kuna karvedilol au bisoprolol, dawa za kupunguza mapigo ya moyo, na umeanzishiwa au kuongezewa dozi karibuni, hizo wiki za mwanzo zinachosha halafu mwili unazoea. Usiziache ghafla mwenyewe, ni hatari. Sema tu. Na uombe wakupime damu.

Kazi yako panga upya. Mzigo alipwe kijana akushushie, hiyo hela sio ya kupoteza, ni dawa. Uza umekaa. Ndizi zinazotoka haraka ziwe usawa wa mkono usiiname kila mteja. Nyumbani menya na uchambue umekaa, ukioga kaa kwenye stuli, kuoga kwa kusimama na maji ya moto sana kunamaliza wagonjwa wengi asubuhi kabla siku haijaanza. Lala mchana nusu saa, isizidi sana usiku ukakosa usingizi.

Na mazoezi yako yaanze kwenye hicho kiti. Kaa, nyoosha goti moja mbele, shusha, jingine, mara kumi. Halafu simama toka kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono, kaa tena, mara tano ukiweza, mara mbili kama tano ni nyingi. Siku zisizo za soko tembea dakika 5. Kama unakoroma sana na mchana unasinzia katikati ya maongezi waambie pia, kuna watu pumzi inakatika usingizini na hawajui. Na kama machozi yanakuja yenyewe siku nyingi na hutaki kuona mtu, hilo nalo ni la kumwambia daktari, linatibika na linachosha kuliko unavyodhani.

Swali: Mambo vipi mama, mi kijana miaka 31 niko Sakina Arusha. Moyo wangu ulikuwa 30% sasa eko ya mwisho imesoma 50%. Najisikia fiti kabisa, washkaji wananivuta jimu na mpira wa jioni. Nimepona? Naweza kuacha dawa?

Jibu: Hongera sana kaka, nimefurahi. Dawa usiache. Watafiti wa Uingereza walichukua watu ambao mioyo yao ilikuwa imetanuka ikarudi sawa, wakawaachisha dawa polepole tena chini ya uangalizi, na ndani ya miezi 6 zaidi ya 4 kati ya 10 ugonjwa ukawarudia. Moyo wako umetulia kwasababu unashikiliwa.

Jimu nenda ukiruhusiwa, vyuma vyepesi, marudio mengi, na hesabu kwa sauti kila unaponyanyua, ukihesabu kwa sauti huwezi kubana pumzi. Baiskeli ya ndani ni nzuri. Ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukisia mapigo ya juu kabisa ya moyo, usiitumie kama unakunywa dawa za kupunguza mapigo, mapigo yako hayatafika huko na ukilazimisha utaumia, tumia kuongea. Mpira wa kushindana wa kukimbia ghafla na kusimama ghafla usubiri daktari akupime kwanza moyo ukiwa kazini, hapo ndio aseme ndio au hapana. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye makopo, mdogo wangu, usiviguse kabisa.

Swali: Mama mi nimejifungua miezi minne iliyopita, nina miaka 26, wakaniambia moyo umepata shida ya uzazi. Nipo Pasua. Mama mkwe anasema nisitoke ndani, mi natamani hata kutembea na mtoto mgongoni.

Jibu: Pole mwanangu na hongera ya mtoto. Ugonjwa wako unajulikana, unatokea mwezi wa mwisho wa mimba au miezi michache baada ya kujifungua, na huku Afrika tunauona sana. Wengi mioyo yao inapanda tena wakinywa dawa vizuri, wengine ndani ya miezi sita, wengine inachukua muda zaidi. Kwahiyo matumaini yapo ya kweli.

Kutembea tembea, Pasua ni tambarare umebahatika, dakika 5 uanze, uongeze kama nilivyomwambia dada wa Arusha hapo juu. Ila bila mtoto mgongoni kwanza. Mtoto wa miezi minne ana kama kilo sita, huo ni mzigo unaopanda nao kila hatua, mwache na bibi yake dakika hizo, na mama mkwe apate kazi ya kumfurahisha. Ndoo ya maji wakuchotee. Usiku mtu mwingine akupokee mtoto mara moja ulale masaa manne yaliyofuatana, kwenye uchovu wako hicho ndio kitu cha kwanza kabla ya mazoezi yoyote. Kama unanyonyesha hakikisha anayekuandikia dawa anajua.

Na kuhusu mimba nyingine, usishike kabla hujaongea na daktari wa moyo, hata kama unajisikia mzima, maana ugonjwa unaweza kurudi mkali zaidi. Siku unampeleka mtoto chanjo ingia na chumba cha uzazi wa mpango, waambie mapema kwamba una tatizo la moyo ili wakuchagulie njia inayokufaa, na mama mkwe nenda nae asikie mwenyewe.